Programu ikigoma kufunguka, iseme imegomea nini

Kwenu mnaoandika programu za kompyuta za maofisini, mnaowasimamia wanaoziandika, na ninyi wakuu mnaotia saini mikataba ya kuzinunua.

Nawasalimu kutoka Tanga. Nina steshenari ndogo Ngamiani, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mbele natoa fotokopi, nachapa barua na kupiga picha za pasipoti. Nyuma ya pazia ipo meza ya ufundi, na barua hii inatoka kwenye meza hiyo.

Shida ninayowaletea ni moja. Mtu anabofya aikoni ya programu mara mbili. Kiduara cha bluu kinazunguka kidogo, kinaacha. Basi. Hakuna dirisha lililofunguka, hakuna ujumbe, hakuna hata mlio. Kuna ule msemo wetu, "Tanga, waja leo waondoka leo". Kijana wangu wa dukani ameuhamishia kwenye kompyuta, na kila programu inapofanya hivyo anapaza sauti, "Hii nayo waja leo waondoka leo!" Wateja wanacheka. Mwenye kompyuta hacheki.

Jumatano moja baada ya Idi, sijapata hata mteja wa kwanza wa fotokopi, bajaji ilisimama mlangoni. Akashuka mama wa makamo, amepakata CPU iliyofungwa kwa kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ni mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa upande wa Pangani. Nikamwamkia, akaitikia na kuunganisha hapohapo:

"Marahaba mwanangu. Nimeiua kompyuta ya ofisi."

Nikamuuliza ameifanya nini. Hajui. Kabla ya sikukuu aliifunga vizuri, akazima swichi ya ukutani kama alivyoelekezwa kwa kuogopa umeme, akaenda zake kupika. Aliporudi Jumatatu, Word inafunguka, Excel inafunguka, programu ya hesabu za wanachama haifunguki. "Labda kuna mahali nilibonyeza," akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama. Kwa siku mbili wanachama walikuwa wanakuja kutaka mikopo ya ada, yeye anawaandikia kwenye daftari na kuwaambia mtandao uko chini. Mtandao haukuwa na kosa lolote, masikini. Ni neno tu ambalo sote tumejifunza kulitumia mashine inapotuaibisha mbele za watu.

Siku ile nilifanya yote anayoyafanya fundi asiyeambiwa kitu. Nilifungua Task Manager nione kama kuna nakala ya zamani imebaki imening'inia, maana programu nyingi zikimkuta mwenzao bado yuko ndani hugeuka kimyakimya na kuondoka. Haikuwepo. Nikaizima antivirusi, labda imeikaba. Nikaweka upya vifurushi vya Visual C++, vile ambavyo programu nyingi za Windows huvitegemea ili zianze. Nikanakili folda nzima ya data pembeni, nikaiondoa programu na kuisakinisha tena. Vilevile. Nikafungua Event Viewer, daftari ambalo Windows huandikia matukio, nikitegemea kukuta tukio namba 1000, lile linaloandikwa programu inapoanguka. Hamna kitu.

Hapa niwaeleze msio mafundi. Windows huandika pale programu inapokufa kifo cha ghafla. Ikijifunga yenyewe, kwa hiari na kwa adabu, Windows inahesabu kwamba imemaliza shughuli yake na imeaga. Kwa hiyo programu iliyokufa vibaya inaacha maiti, fundi anapata pa kuanzia. Hii iliyojifunga yenyewe haiachi hata unyayo.

Jioni kijana wangu akasema, "Kaka, tupige Windows tu." Kupiga Windows, katika lugha yetu, ni kufuta mfumo wote na kuuweka upya. Ndiyo dawa ya mwisho, na kwa mafundi wengi ndiyo ya kwanza. Flashi tayari ilikuwa mezani. Nikatazama tena mahali data ilipokuwa: miaka sita ya akiba za watu, yote kwenye drive C, ndani ya folda ya programu ileile. Nakala ya akiba aliyokuwa nayo mama ilikuwa ya miezi minne nyuma. Mimi nilinakili kabla ya kugusa kwa sababu ujanani niliwahi kumfutia mtu kazi yake, na sijasahau uso wake. Fundi mwenye haraka angepiga Windows saa kumi jioni, na saa kumi na moja chama kile kingekuwa hakina vitabu. Wala isingesaidia, maana ugonjwa haukuwa ndani ya Windows.

Asubuhi ya pili nilitaka kupakua kitu moja kwa moja kwenye mashine ile, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu. Nikafungua Chrome. Chrome ikakataa kufungua ukurasa, lakini ikaniambia kwa nini, kwa herufi kubwa katikati ya skrini: saa yako iko nyuma.

Nikatazama tarehe. Januari 2010.

Mnajua wenyewe kilichotokea, ila niwaeleze wengine. Kwenye ubao mama wa kompyuta kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuiwezesha saa ya kompyuta kuendelea kutembea pale mashine inapokosa umeme kabisa. Betri ikichoka, na swichi ya ukutani ikazimwa siku kadhaa za Idi, saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Upau wa chini wa kompyuta ya mama ulikuwa umefanywa mwembamba, unaonyesha saa bila tarehe, na saa yenyewe sikuitazama. Nakubali, hilo ni langu. Lakini nani huanza kumtibu mgonjwa kwa kumuuliza leo ni mwaka gani?

Programu ya hesabu ilikuwa inakagua leseni yake kila inapoanza. Ikakuta leo ni 2010, na leseni imetolewa miaka mingi mbele yake. Ikaamua kuna mtu anachezea tarehe. Ikajifunga.

Nikabadilisha betri, shilingi elfu mbili, nikarekebisha tarehe, nikabofya. Ikafunguka kama haijawahi kuniudhi. Mama akashika mdomo.

Ningeweza kuishia hapo na kudai pesa yangu, ila lilinikera. Nikaingia kwenye ProgramData, folda ambayo Windows huificha, nikatafuta jina la programu ile. Kulikuwa na faili moja la logi, daftari ambalo programu huandikia mambo yake yenyewe. Nikalifungua kwa Notepad. Mistari 57, yote inafanana, yote ya Januari 2010, mwaka ambao chama chao kilikuwa hakijaanzishwa. Ilikuwa kwa Kiingereza na maana yake ilikuwa hii: tarehe ya kompyuta iko nyuma ya tarehe ya leseni, programu inafungwa. Kila mstari ni mbofyo mmoja. Ya mwishoni ni yangu mimi na kijana. Ya mwanzo, zaidi ya thelathini, ni ya mama, peke yake ofisini, anabofya na kungoja, anabofya na kungoja, wanachama wako nje ya dirisha.

Alisogea akasoma begani kwangu, nikamtafsiria.

"Kwa hiyo ilikuwa inajua?"

"Ilikuwa inajua, mama."

"Tangu Jumatatu?"

Ndugu zangu, ndicho kilichonifanya niandike. Mashine kuharibika si ajabu, na sisi tusingekuwa na mkate kama haziharibiki. Lakini hii ilikuwa na jibu, ikaliandika mara 57 mahali ambapo mwenye shida hawezi kufika, kisha ikamwachia mama wa watu aamini kwamba yeye ndiye aliyeiua.

Nimefikiri sana inakuwaje watu wenye akili watengeneze kitu cha namna hii, na sidhani kama ni roho mbaya. Nadhani ninyi hamjawahi kuuona ukimya huu. Mnapoandika programu mnaiendesha kutoka kwenye dirisha jeusi, lile la kuandikia amri, au ndani ya chombo chenu cha kuandikia, na kosa lolote linamwagika mbele yenu, maandishi mekundu mpaka mstari namba ngapi. Unasoma, unarekebisha, unaendelea. Siku ya kutoa programu kwa wateja mnaliondoa lile dirisha jeusi kwa sababu linatisha watu. Java ina java.exe na javaw.exe. Python ina python.exe na pythonw.exe. Ile w ya mwisho kazi yake ni hiyo, kuendesha bila dirisha jeusi. Mmeliondoa dirisha, sawa, ni baya kweli. Lakini makosa yalikuwa yanatokea mlemle, na hamkuyapa pengine pa kutokea.

Miaka ya 1970, pale Bell Labs huko Marekani, waliounda Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, walitenga njia ya pili ya kutolea maneno, mahsusi kwa ajili ya makosa, ili kosa lisimezwe ndani ya matokeo ya kawaida. Mpaka leo programu nyingi zinazaliwa na njia hiyo. Kwenye programu ya madirisha iliyofunguliwa kwa kubofya aikoni, njia hiyo mara nyingi haielekei kwa mtu. Ni bomba linalomwaga baharini. Linux, mfumo mwingine kama Windows, ina ugonjwa huohuo: bofya aikoni, kimya, andika jina la programu ileile kwenye terminali, yaani dirisha jeusi lake, inakutapikia sababu zote. Mimi siku hizi ndiyo dawa yangu ya kwanza, naianzisha programu kutoka dirisha jeusi. Ya Java naianzisha kwa java.exe badala ya javaw, ya Linux kwenye terminali. Nusu ya kazi inaisha pale. Lakini huo ni ujanja wa fundi. Mhasibu wa Pangani haupaswi kumhusu.

Na msiseme haiwezekani. Faili la DLL, kipande ambacho programu hukiazima ili ifanye kazi, likikosekana, Windows yenyewe inakuambia kwa jina: programu haiwezi kuanza kwa sababu MSVCP140.dll haipo. Sura ya ujumbe ule ni mbaya, lakini napenda kuuona, kwa sababu najua la kufanya ndani ya dakika tano. Hata ile namba chafu 0xc000007b naikaribisha. Mara nyingi ni mtu kachanganya vitu vya 32-biti na vya 64-biti. Namba ni kitu. Kwa namba naweza kumuuliza mwenzangu wa Korogwe kwenye simu, "Yakhe, umeshakutana na hii?" Ukimya nitamsomeaje kwenye simu?

Angalieni vitu vingine ambavyo huyuhuyu mama anavitumia kila siku bila fundi. Mita ya LUKU ina kioo kidogo kuliko kiberiti, lakini akikosea tarakimu moja kati ya zile 20 za tokeni inamwonyesha imekataa. Simu ya kitochi inamwambia salio halitoshi. Konda wa daladala, pamoja na lugha yake, gari likizima Muheza atashuka, atachungulia, atarudi kuwaambia abiria ni rejeta. Ni programu ya ofisi peke yake, yenye skrini nzima mbele yake, inayoshindwa kusema sentensi moja.

Najua mtakavyojibu kuhusu leseni. Mtasema tukimwambia mtu sababu, tunamfundisha mwizi njia. Nimeshasikia hoja hii kutoka kwa watu wenu, na siikubali. Mwizi wa programu anajua kuirudisha tarehe na kuisogeza mbele, ndiyo kazi yake, wala hasubiri ujumbe wenu. Ukimya mmemwekea mteja aliyelipa. Kama mnaogopa kutaja leseni, msiitaje. Andikeni tu: tarehe ya kompyuta hii inaonyesha Januari 2010, irekebishe kisha fungua tena. Hapo siri gani imetoka?

Wapo watakaosema kosa linaweza kutokea mapema mno, kabla programu haijaweza hata kuchora dirisha lake. Kweli, kwa sehemu. Lakini Windows ina dirisha lake dogo la ujumbe, MessageBox, ambalo halihitaji mapambo yenu yoyote. Ni mstari mmoja tu katika maandishi ya programu. Kiwekeni kitu kama wavu mwanzoni kabisa, kabla ya leseni, kabla ya kufungua data, kabla ya rangi na nembo. Lolote likianguka lidakwe hapo, lionyeshwe. Maneno yawe ya mtu: nini kimeshindikana, afanye nini, namba ya kosa, na faili la logi liko wapi ili aniletee mimi kwenye flashi badala ya kubeba CPU kwenye bajaji.

Na iwe kwa Kiswahili. Kila tarehe 7 Julai tunapongezana kwa lugha yetu kuwa na siku yake duniani, hotuba zinatolewa, kofia zinachapishwa (nyingine nimezichapisha mimi). Programu inayouzwa kwa vyama vya ushirika, zahanati na shule za hapa, inayotumiwa na Waswahili kuwahudumia Waswahili, inakuwaje menyu zake ni za Kiswahili lakini ikiumwa inalia Kiingereza?

Sasa ninyi wakuu wa ofisi. Waandishi wa programu wataandika kile mnachokidai, na hiki hamjawahi kukidai. Nimesoma makabidhiano machache yaliyopita dukani kwangu kuchapwa. Humo kuna ripoti ngapi, watumiaji wangapi, mafunzo siku ngapi, rangi za nembo. Programu ikishindwa kufunguka itafanyaje, hakuna neno. Siku ya makabidhiano mnakaa ukumbini, projekta inawaka, kijana wa kampuni anabofya kwenye laptopu yake mwenyewe, inafunguka, watu wanapiga makofi, soda zinaletwa.

Kabla ya soda, mwombeni kompyuta ya kawaida ya ofisini. Rudisheni tarehe yake nyuma miaka kumi, kisha mbofye. Rudisheni tarehe, mbadilishe jina la folda ya data, mbofye. Jazeni diski mpaka itapike, mbofye. Chomoeni waya wa mtandao kama ni programu inayotegemea seva, mbofye. Kila mara mtazame skrini. Ikisema kitu kinachoeleweka na karani wenu wa mapokezi, tieni saini. Ikikaa kimya, irudi. Zoezi zima halifiki nusu saa, na mtakuwa mmejua jambo ambalo mimi nililijua baada ya siku mbili.

Tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na kutoa viwango na miongozo ni sehemu ya kazi yake. Kwa upande wa taasisi za umma, ombi langu kwao ni mstari mmoja katika miongozo hiyo: programu isiyoweza kuanza lazima imweleze mtumiaji sababu, kwenye skrini, kwa lugha yake. Wale wa vyama na kampuni binafsi hamhitaji kusubiri mwongozo wa mtu.

Mama yule nilimtoza betri na nauli ya bajaji. Ufundi sikumtoza, kwa sababu sikuona nilichokitengeneza. Kabla hajaondoka alichukua karatasi ya manjano kwenye kaunta, akaandika kwa kalamu nyekundu "TAREHE KWANZA", akaibandika juu ya CPU, akaifunga tena kwa kanga zake. Wiki iliyofuata akanipigia simu. Nikashtuka, nikadhani imegoma tena. Kumbe alitaka kujua kama lile faili lenye mistari 57 ninalo bado, maana mwenyekiti wa chama hataki kuamini kwamba yeye hakubonyeza kitu.

Ninalo. Lipo kwenye flashi, droo ya juu, pamoja na ile betri kuukuu. Kama kati yenu kuna anayetaka kuliona, milango iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi.

Wenu,
Fundi wa kompyuta na mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga